Dalili za kupunguzwa kazini huanzia kwenye makaratasi

Nimekuwa afisa utumishi kwenye viwanda vya kubangua korosho hapa Mtwara kwa miaka mingi, na barua za kuwapunguza watu nyingine nimezichapa mwenyewe. Kwa hiyo mtu akija kuniambia, "Bosi kanifokea mbele za watu, naona sina kazi," humwambia akalale. Bosi anayefoka bado anataka kazi itoke. Mimi huuliza mengine: siku hizi umeambiwa umfundishe nani kazi yako?

Mtunza ghala mmoja alinijia mwezi wa tatu, msimu umeshafungwa, ana furaha kweli. Kaletewa kijana "wa kumsaidia". Wiki tatu alimwonyesha daftari la magunia, namna ya kupima unyevu, na mzani upi unadanganya kilo mbili. Kisha akatakiwa aandike majukumu yake yote, tangu kufungua ghala asubuhi. Aliandika kurasa nne kwa mwandiko mzuri, akaja kunionyesha. Nilishindwa kumtazama usoni. Orodha ya majina ilikuwa kwenye droo yangu.

Angalia pia faili lako. Miaka yote ukichelewa unasemwa kwa mdomo tu, leo dakika kumi unaandikiwa barua ujieleze. Hapo kuna hesabu inapigwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyetimiza mwaka, akaachishwa na mwajiri, kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Anayesusa na kuacha mwenyewe naye hapati, ndiyo maana wapo mabosi wanaokuudhi makusudi. Jibu kila barua kwa maandishi, na nakala ikae nyumbani.

Chai ya saa nne ikikatwa, usihangaike. Viwanda vyetu hufunga mkanda kila msimu ukiisha. Lakini mshahara ukikatwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mchango wenyewe haufiki huko, kampuni imekauka. Pita ofisi za NSSF uombe taarifa ya michango yako.

Kupunguza watu si kosa, ila kuna utaratibu: mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadili namna ya kuepuka na vigezo vya kuchagua wa kuondoka. Wa mshahara wa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Ukiona umeonewa, una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi huzimaliza wakimbembeleza bosi.

Yule mtunza ghala aliwahi. Alichobeba ni nakala ya zile kurasa nne. Barua niliyochapa mimi ilisema nafasi yake imefutwa, na kijana alikuwa ghalani anaifanya, ukurasa kwa ukurasa.