Rifandi ya kodi Uingereza: kwanini mgeni anakatwa nyingi halafu anarudishiwa

Mtu akifika Uingereza kwa viza ya kazi, iwe ya uuguzi au ile ya miezi sita ya kuchuma matunda mashambani, kitu cha kwanza kumkata maini ni slipu ya mshahara wa kwanza. Alishapiga hesabu zake tangu yuko Dar, pauni elfu mbili kwa mwezi, chumba kiasi hiki, nyumbani natuma kiasi kile, halafu kinachoingia benki ni elfu moja mia tano na kitu. Waliomtangulia wanamwambia usijali utapata rifandi, na hapo ndio mkanganyiko unaanza maana kila mtu ana rifandi yake kichwani, mwingine anadhani ni bonasi ya serikali kwa wageni, mwingine anadhani ni dili la kutafutiwa na ajenti.

Rifandi, au marejesho ya kodi, ni hela yako mwenyewe uliyokatwa zaidi ya inavyotakiwa. Basi. Kama hukukatwa zaidi hakuna cha kurudishiwa, hata kama umeshuka kwenye ndege jana.

Sasa kwanini mgeni ndio anakatwa zaidi? Inabidi kwanza uache kufikiria kwa mwezi. Bongo PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, tumeizoea ya mwezi kwa mwezi, mshahara wa mwezi huu na kodi yake, tumemalizana. Kule kinachohesabiwa ni mwaka mzima, na mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili unaisha tarehe 5 Aprili inayofuata, ndio walivyo. Ndani ya huo mwaka mfanyakazi wa kawaida ana pauni 12,570 ambazo haziguswi, zinazozidi hapo ndio zinaanza kukatwa asilimia 20 (Scotland wana viwango vyao, vinatofautiana kidogo). Na utamu wenyewe uko hapa: ukihamia kule ukaanza kazi Januari, kwa kawaida hizo 12,570 hazipunguzwi eti kwa sababu umechelewa kuja. Unazipata zote. Kwahiyo mtu wa elfu mbili kwa mwezi aliyeanza Januari, mpaka mwaka wa kodi unafungwa atakuwa ameingiza 6,000, hajafika hata nusu ya 12,570, kodi yake ya mapato ni sifuri kabisa.

Lakini mwajiri hajui historia yako, anafuata namba iliyoandikwa kwenye slipu, wenyewe wanaiita tax code, na Kiswahili kinatuchezea hapo maana ukitamka haraka unasema kodi ya kodi. Ukiona 1257L peke yake, uko vizuri, inahesabu mwaka mzima. Ukiona 1257L halafu mbele yake M1, W1 au X, hiyo ni ya dharura, inahesabu kila mwezi au wiki kivyake kama vile miezi ya nyuma haikuwepo, huyo mtu wa elfu mbili atakatwa kama pauni 190 kila mwezi. Ukiona BR au 0T, umeumia, hakuna cha kusamehewa hapo, elfu mbili yote inapigwa asilimia 20, pauni 400 zimeondoka.

Mimi BR nilijiletea mwenyewe. Siku ya kwanza kazini unapewa fomu ya mfanyakazi mpya, kuna sehemu ya kuchagua A, B au C. A ni kwamba hii ndio kazi yako ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili, C ni kwamba una kazi nyingine. Mimi kwa uaminifu wangu wa kishamba nikakumbuka nimeacha kazi Dar kwa likizo bila malipo, bado niko kwenye orodha, nikatiki C. Wao walikuwa wanauliza kazi za kwao! Januari 400, Februari 400. Kaka mmoja tuliyekuwa tunakaa naye akaiangalia slipu mezani jikoni, akaweka kidole kwenye BR, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe una kazi mbili?" Nikapiga simu HMRC, ndio mamlaka yao ya mapato kama TRA kwetu, wakarekebisha, na slipu ya Machi kwenye mstari wa kodi ikaja na alama ya kutoa mbele, -800.00. Hiyo ndio rifandi, imerudi ndani ya mshahara, hakuna ajenti wala nini.

Tarehe 5 Aprili ikipita kabla hujarekebishiwa, hairudi tena kwa mshahara. HMRC wanapiga hesabu za mwaka wenyewe na kuanzia Juni wanaanza kutuma barua inaitwa P800, ikisema umelipa zaidi unaidai mtandaoni bure. Usipoipata unaweza kudai mwenyewe, una miaka minne kuanzia mwisho wa mwaka ule wa kodi. Meseji ya simu yenye linki "una rifandi yako bonyeza hapa" ni ya matapeli, futa.

Kuna makato mengine ya National Insurance, yaani mchango wa hifadhi ya jamii, kwa huyo wa elfu mbili ni kama pauni 76 kwa mwezi. Hayo usiyangojee, yanahesabiwa kila malipo kivyake, rifandi ya kodi haiyagusi. Na ukiwa kweli na kazi mbili kule kule, BR kwenye ile ya pili mara nyingi ni sahihi, watu wanaililia bure.

Wa mkataba mfupi wana zamu nyingine siku ya kuondoka. Ukifanya kazi Aprili mpaka Agosti ulikuwa unakatwa kana kwamba utakaa mwaka mzima, sasa unaondoka na zile 12,570 hujazimaliza, kwahiyo kuna hela yako imebaki kule. Unachukua P45, karatasi ya kuacha kazi, kwa mwajiri, unajaza fomu P85 ya anayehama nchi, unatuma HMRC. Na akaunti ya benki ya kule usiifunge mpaka iingie.