Neno OK halikuzaliwa vitani

Inasimuliwa mara kwa mara kwamba OK ilianza katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, ambapo eti vikosi viliandika sifuri na herufi K, ya neno la Kiingereza “killed” (waliouawa), kuonyesha kwamba hakuna askari aliyeuawa. Simulizi hii haiwezi kuwa kweli, kwa sababu neno lenyewe lilikwisha kuchapishwa gazetini zaidi ya miaka 20 kabla ya vita hivyo.

Mtafiti Allen Walker Read, katika makala zake za 1963 na 1964, alilifuatilia hadi kwenye gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Siku hizo waandishi wa Boston walikuwa na mzaha wa kufupisha maneno waliyoyaendeleza vibaya kwa makusudi, na o.k. ilisimama badala ya “oll korrect”, yaani “all correct” ya Kiingereza iliyoendelezwa vibaya, maana yake kila kitu ni sahihi. (Vifupisho vingi vya aina hiyo vilikufa upesi, na sioni kama tulipoteza kitu.)

Hiki kiliokolewa na siasa. Katika uchaguzi wa 1840, wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa mji wa Kinderhook katika jimbo la New York, walimwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook, wakazifanya herufi hizo mbili kuwa kauli yao. Wapinzani nao wakazigeuza kejeli, wakidai kwamba Andrew Jackson, mtangulizi wake, ndiye aliyezibuni kwa kutojua kuendeleza maneno. Van Buren alishindwa uchaguzi, OK ikabaki.