Ufadhili wa ufaulu hauombwi kama mkopo

Kila mwaka, kuanzia Julai matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, meza yangu hapa Mbeya hujaa rasimu za insha za vijana wanaoomba ufadhili wa masomo unaotolewa kwa ushindani na vyuo vikuu binafsi, vya hapa nchini na vya ng'ambo. Kazi ya kuwaongoza nimeifanya kwa miaka kumi na miwili, na kabla yake niliketi katika kamati iliyokuwa ikiwachagua wafadhiliwa wa namna hiyo. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi si la sarufi wala la alama: mwombaji hujieleza kwa kamati ya ufadhili kama anavyojieleza kwa Bodi ya Mikopo.

Bodi hupima kwanza uhitaji, na ndiyo maana yatima hudaiwa cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na anayetoka katika kaya maskini inayohudumiwa na TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, hutakiwa kulithibitisha hilo. Kijana aliyetumia wiki nzima kuzihangaikia nyaraka hizo huzoea kuamini kwamba shida ndiyo hoja, kwa hiyo akifika kwenye insha ya ufadhili huijaza misiba, njaa na umbali wa kwenda shuleni. Habari hizo ni za kweli na zinauma, lakini kamati imekabidhiwa swali jingine: kati ya hawa wote wenye alama zinazokaribiana, ni nani ameshaonyesha kwamba akipewa nafasi huifanyia kazi? Vipo vyuo vinavyopima ufaulu na uhitaji kwa pamoja, lakini hapo uhitaji huwa na fomu yake, nao hujazwa humo kwa tarakimu za kipato, si kwa machozi.

Nitoe mfano wa binti mmoja wa Makete, ambaye rasimu yake ya kwanza ilikuwa ukurasa mzima kuhusu mama yake anayelima viazi na kukosa ada. Nilipomuuliza yeye mwenyewe alikuwa akifanya nini wakati wa mavuno, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa napima lumbesa tu, mwalimu." Hiyo "tu" ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Alikuwa ameazima mizani kwenye duka la pembejeo, akapima magunia kumi na moja ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo na kushonewa kofia juu, kabla dalali hajayapakia, na katika daftari la hesabu akaandika uzito wa kila gunia, bei iliyolipwa kana kwamba ni la kilo 100, na fedha ambayo mama yake alikuwa ameipoteza. Daftari hilo akalipeleka kwa akina mama wengine watatu, na msimu uliofuata wakagoma kwa pamoja kujaza kofia. Walishinda kwa dalali mmoja, wakashindwa kwa mwingine. Nilimwambia aandike yote mawili, pamoja na kushindwa, kwa sababu insha isiyo na kitu kilichokwama huwa haiaminiki. Umaskini wa nyumbani ulibaki ndani ya insha hiyo bila kutajwa hata mara moja.

Kuhusu alama, sina mengi, ila mkanganyiko mmoja huwaumbua wengi. Katika matokeo ya Baraza la Mitihani A ni pointi 1, hivyo mwenye A tatu ana pointi 3, ambazo ndizo bora kuliko zote. Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu kinyume, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na mtu huyo huyo anakuwa na 15. Andika daraja la kila somo na utaje ni kipimo kipi unachotumia, hasa kwa chuo cha nje, ambako msomaji hatajua pointi 3 ni sifa au ni aibu.

Barua ya mapendekezo inahitaji subira zaidi. Walimu wetu, wenye madarasa yaliyofurika, huandika kwamba mwanafunzi ni mtiifu na ana nidhamu, maneno yanayofaa cheti cha tabia lakini yasiyomtofautisha mtu na jirani yake wa dawati. (Mimi nami niliwahi kupeleka chuo kimoja barua tatu zenye aya inayofanana neno kwa neno, na wote watatu wakakosa.) Usimlaumu mwalimu, mpelekee mapema, kwa heshima, ukurasa mmoja wa kumkumbusha mambo aliyokuona ukiyafanya darasani, naye achague la kusimulia.

Tarehe nazo zina mtego wake. Vyuo vingi binafsi vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, na baadhi ya fadhili zao kubwa hufungwa Novemba au Desemba, wakati mtihani wa kidato cha sita hapa kwetu hufanyika Mei. Anayetaka kwenda huko moja kwa moja ataomba kwa ripoti za muhula, hivyo asizipuuze za kidato cha tano.

Barua ya kukubaliwa ikifika, isome hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kusaini. Tazama kama ufadhili unalipa ada peke yake, au pia hosteli, bima ya afya na mafunzo kwa vitendo, kisha tafuta wastani unaotakiwa kuudumisha. Kwa vyuo vya hapa nchini, daraja la kwanza huanzia GPA ya 4.4 kati ya 5 na la pili la juu huanzia 3.5, ukitakiwa kubaki juu ya kiwango fulani, uliza kwa maandishi kama muhula mmoja mbaya unaufuta ufadhili papo hapo au unapewa muhula mwingine wa kujirekebisha, na jibu lao ulihifadhi pamoja na barua yenyewe.