Nipe Mkono Kwanza, Pete Tutaichagua Baadaye

Jumamosi iliyopita aliingia dada mmoja kutoka Tandahimba, mkononi ana simu yenye picha ya pete. Hata hajakaa vizuri nikamwomba anionyeshe kiganja cha kulia. Akacheka: "Kumbe fundi nawe unapiga ramli?" Nikamjibu, "La, dada'angu, natafuta kazi unayoifanya." Niliiona pale pale. Ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa na ule weusi wa mafuta ya maganda ya korosho, usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Ni mbanguaji. Pete ya kwenye picha ilikuwa na kito kikubwa kilichoinuliwa juu kwa meno manne, chini ya kito pako wazi. Mafuta yale huunguza ngozi. Yakiingia pale chini yanakaa, na mwenye pete hajui mpaka kidole kichubuke.

Mimi ni sonara hapa Mtwara mjini, kazi yangu kubwa ni ya fedha. Karibu kila anayeingia dukani kwangu anaanza na kabati la kioo, na mimi kila siku namrudisha kwenye mikono yake. Pete si kama hereni, ambayo ikishaning'inia inakaa zake. Pete inafua nguo, inakanda unga, inashika usukani, inaingia baharini. Ukiichagua bila kuyafikiria hayo, baada ya miezi miwili itakuwa kwenye kopo la vifungo.

Tuanze na madini, kwa sababu pwani yetu haina huruma. Ndani ya pete tafuta muhuri mdogo. Ukisoma 925, ni fedha yenye asilimia 92.5, iliyobaki mara nyingi ni shaba ya kuipa ugumu. Kwa dhahabu tunahesabu karati, na 24 ndiyo dhahabu tupu: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, na 916 ni karati 22. Mama zetu wanapenda karati 22 kwa rangi yake, nami naipenda kwa bangili na mikufu. Lakini pete yenye kito naomba uichukue ya karati 18. Dhahabu kadiri inavyokaribia kuwa tupu ndivyo inavyolainika, na meno yaliyolainika hufunguka ukivuta tu uzi wa kanga.

Fedha itaingia weusi, hilo usilikwepe. Weusi huo unatokana na salfa iliyo hewani na kwenye vitu tunavyogusa, mayai na vitunguu vikiwemo, nao ukiwa bado mwepesi unatoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini. Dawa ya meno iache ikae bafuni, inakwaruza. Pete za shaba nyeupe na njano ndizo zinazoacha kijani kidoleni: jasho linakutana na shaba. Si ugonjwa wala si damu chafu. Ila ukiwashwa na kutoka vipele, hapo pete huenda ina madini ya nikeli. Ivue na usiirudie. Kwa mtu wa jasho jingi na mfuko mdogo, stili ni chaguo la heshima kabisa.

Zilizonitia uchungu mimi ni zile zilizochovywa maji ya dhahabu. Mwaka wangu wa pili kazini nilinunua za jumla, mwuzaji akaniapia kwamba hazipauki. Mwezi haukwisha, wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja na pete zenye mabaka ya rangi ya kutu upande wa ndani. Niliwarudishia hela wote. Tangu siku hiyo siuzi pete ya kuchovya bila kumwambia mteja kwa mdomo wangu: hii ni ya kuvaa shughulini, ukirudi nyumbani uivue, uifute, uiweke kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa.

Vito navyo vina habari yake. Ugumu wao hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kilichoanza mwaka 1812: almasi ni 10, yakuti nyekundu na ya bluu 9, akiki kati ya 6.5 na 7, lulu haivuki 4.5. Sasa kumbuka kwamba mchanga wetu umejaa chembe za jiwe gumu liitwalo kwatzi, ambalo ni 7. Kila unapofuta vumbi kwenye pete kwa upindo wa dera, unasugua kito kwa kitu chenye ugumu wa 7. Chochote kilicho chini ya hapo kitafifia polepole. Ndiyo maana mtu akiniletea tanzanaiti ya kuwekwa kwenye pete ya kila siku namshauri tuifanye kidani au hereni. Kito kile, kilichoanza kujulikana Mererani mwaka 1967, kina 6 hadi 7 na hupasuka kikigongwa vibaya. Akitaka bluu ya kuvaa kazini, yakuti ya bluu inapatikana kwa jirani zetu wa Tunduru, safari ya barabara moja kupita Masasi, na inavumilia.

Yule dada wa Tandahimba tulimtengenezea akiki nyekundu iliyozamishwa. Kito kimezungukwa na ukingo wa fedha pande zote, chini nimeziba, juu ni laini kama kokoto ya ufukweni. Hata hivyo nilimwambia siku za kubangua aivue. Ameniahidi.

Saizi ndiyo inayoharibu pete nyingi kuliko wizi. Watu wanapima kwa uzi, uzi unavutika. Kata karatasi nyembamba yenye upana wa milimita 5, zungushia shina la kidole, weka alama, kisha pima kwa rula. Milimita 54.4 za mzunguko ni saizi 7 ya Marekani, na kila saizi moja inapishana na nyingine kwa takribani milimita 2.5. Pima pia kwenye kifundo, maana wapo wenye vidole vyembamba na vifundo vinene, na pete lazima ipite hapo. Inayokaa sawasawa husita kidogo kwenye kifundo, ikifika chini inatulia. Pete pana, kama ya milimita 8, iongezee nusu saizi. Inabana zaidi kwa sababu inashika nyama nyingi. Na usipime ukitoka juani. Niliwahi kumpima bi harusi wa Mikindani mchana wa Desemba, ametembea kutoka stendi, vidole vimevimba kwa joto. Asubuhi ya shughuli, baada ya mvua na maji baridi, pete ikamtoka ikaviringika chini ya jamvi, na shangazi zake wanne wakapiga magoti kuitafuta. Ilipatikana. Siku hizi mteja akija ametota jasho namkalisha kwenye feni, tunazungumza, napima baadaye.

Sasa mpangilio, ambao ndio utamu wa jambo lenyewe. Anza na pete nzito kuliko zote, ipe kidole cha kati au cha shahada, vidole vyenye nguvu ya kuibeba. Kidole cha jirani kiache kitupu. Utupu huo ndio unaoifanya pete ionekane. Ukivijaza vyote vitano, macho hayajui yatue wapi. Kisha weka mbili nyembamba kwenye kidole cha pete au cha mwisho, na moja tu mkono wa pili. Tatu kwa moja nimeona inapendeza kuliko mbili kwa mbili, kwa sababu mikono haitulii sawa: mmoja unazungumza, mwingine unashikilia mtandio.

Vidole vifupi havitaki pete pana inayokula pingili nzima. Vipe kito cha umbo la yai au la mtumbwi, kilichosimama kufuata urefu wa kidole, uone vinavyorefuka. Vidole virefu vyembamba ndivyo vya pete pana, hata mbili zikipandana. Kuchanganya fedha na dhahabu si kosa, ila tafuta pete moja yenye rangi zote mbili ikae katikati iziunganishe.

Halafu tazama nguo. Kitenge au kanga yenye maua makubwa tayari ina maneno mengi. Vaa pete isiyo na kito. Baibui jeusi ni kinyume chake. Mwanamke aliyejistiri vizuri anaonekana uso na mikono tu, basi mkono ndio unaobeba urembo wote, na hapo ndipo ninapotoa pete yangu kubwa kuliko zote bila kusita. Kukiwa na hina au piko iliyochorwa mpaka vidoleni, nakuomba pete moja tu, tena nyembamba. Aliyekuchora amekaa saa nzima akiinamia mkono huo. Usimfunike.

Kwa kaka zangu, wengi wenu ni Waislamu na dhahabu hamvai, na fedha yenye akiki inawakaa vizuri mno. Iwe na nafasi ya kuzunguka ili maji yapite chini yake unapotawadha. Wavuvi na mafundi wa mashine, vueni kabla ya kazi. Kamba ya nanga ikinasa pete haiachi ngozi, na mara nyingine haiachi kidole.

Wateja wageni huniulizia sana pete za mpingo. Nazipenda, mti ule mzito unaozama majini ukiupiga msasa unang'aa wenyewe. Nanunua vipande vilivyobaki kwa wachongaji wa Kimakonde. Lakini pete ya mpingo mtupu ina sehemu mbili dhaifu, pale nyuzi za mti zilipokatwa fupi, na ikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka hapo hapo. Kwa hiyo naivalisha bomba jembamba la fedha kwa ndani. Wewe ipake tone la mafuta ya nazi mara moja moja, na usioge nayo.

Pete ikikwama usiivute. Inua mkono juu ya kichwa kwa dakika chache, paka sabuni, izungushe huku ukiisukuma nje. Ikigoma, pitisha ncha ya uzi wa nailoni chini ya pete kuelekea kiganjani, kisha zungushia uzi uliobaki kidoleni kwa kubana, kuanzia ukingo wa pete mpaka kupita kifundo. Shika ile ncha ya kiganjani uufungue polepole kuelekea ukucha. Pete itaufuata uzi. Kidole kikianza kufa ganzi au kubadilika rangi, acha yote hayo, kimbia hospitali au uje kwangu, lililo karibu. Nina msumeno mdogo wa pete, kukata ni dakika mbili, na pete yako nitaiunga tena.