Baridi yabisi si baridi ya Dodoma

Mama mdogo wangu anaishi Mpunguzi, Dodoma. Baridi yabisi, ugonjwa wa viungo kuvimba na kukaza, ulipomwanza alikuwa na miaka 41, na kilichomshinda kwanza hakikuwa jembe bali kifuniko cha chupa ya chai. Asubuhi vidole vilikataa kukunjika. Ikifika saa nne vimelegea, anakwenda shambani. Kwa kuwa mchana alionekana mzima, ilipita zaidi ya mwaka bila mtu kumsikiliza vizuri. Haya ndiyo tuliyokuwa tukiambiwa.

"Ni baridi tu, vaa sweta." Jina limetuponza. Ni kweli upepo wa Juni na Julai huku kwetu unakata, na wengi wenye ugonjwa huu huumia zaidi siku hizo. Lakini chanzo ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Sweta haliuzuii. Kurogwa pia hakumo.

"Ni uzee." Mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 60, na wanawake huugua mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Viungo vilivyochakaa kwa umri huuma ukivitumia na hupoa ukipumzika. Baridi yabisi hukaza ukipumzika, na asubuhi inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kuachia.

"Ni gauti, acha nyama." Mama mdogo aliachishwa nyama na maharage kwa miezi. Gauti kwa kawaida huvamia kiungo kimoja ghafla, hasa dole gumba la mguu. Yeye alivimba vifundo vya vidole na viganja, kulia na kushoto sawia. Mpangilio huo peke yake ulitosha kumshtua mtu.

"Kipimo kimesoma hasi, huna." Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi, na bado naumia nikikumbuka. Kipimo cha damu kiitwacho RF husoma hasi kwa karibu mgonjwa 1 kati ya 4 au 5 wenye ugonjwa kweli, hasa mwanzoni. Tena chaweza kusoma chanya kwa mtu asiye nao, kwa mfano mwenye homa ya ini. Daktari anapaswa kubonyeza viungo kimoja kimoja, aulize umeanza lini, apime kiwango cha uvimbe kwenye damu (ESR au CRP), na ikiwezekana kipimo kingine cha damu cha ugonjwa huu, anti-CCP. Kwetu wafugaji, akitaka kupima brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, pia asikataliwe, maana nayo huleta homa na maumivu ya viungo.

Kuna jambo dogo lililotusaidia. Ukipanda gari la asubuhi, unafika kwa daktari vidole vimeshalegea. Binti yake alimpiga picha saa kumi na mbili, ngumi haifungi, vifundo vinang'aa kwa uvimbe. Daktari aliitazama ile picha kwa muda, kisha akaandika rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ndani.

"Diklofenaki na prednisoloni za duka la dawa zinatosha." Diklofenaki hupunguza maumivu, mfupa unaendelea kuliwa. Prednisoloni hukupa nafuu ya haraka mno, ndiyo maana watu huinunua wenyewe. Ukiitumia muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari, na kuiacha ghafla ni hatari. Uharibifu wa viungo mara nyingi huanza ndani ya miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo dawa ya kuutuliza ugonjwa wenyewe haifai kusubiri.

"Methotreksati ni dawa ya kansa, itakuua." Hiyo ndiyo dawa ya kuutuliza ugonjwa niliyoitaja. Kwa kansa hutolewa dozi kubwa. Kwa viungo ni dozi ndogo, MARA MOJA KWA WIKI, pamoja na foliki asidi. Kinachoua ni kuimeza kila siku kwa kukosea. Huchukua wiki 6 hadi 12 kufanya kazi, pombe ikae mbali, ini na chembe za damu zipimwe mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba au anayetarajia kubeba aseme mapema, maana hairuhusiwi. Mama mdogo alichagua Jumapili jioni. Mwanawe ameandika JUMAPILI TU kwa kalamu nyekundu juu ya boksi.