Ndoa haikagui fundo: dhana potofu za kupanda miamba na kulala hemani

Wikendi iliyopita nimeiskia tena. Tuko chini ya Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba pale mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, saa mbili asubuhi, pimbi wamejaa kwenye mawe wanaota jua, na mimi namwambia dada mmoja amkague bwanake kabla hajaanza kupanda. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, huyu ni mume wangu, tunaaminiana." Hiyo ndo sentensi naskia kuliko zote kutoka kwa wanandoa wachanga, wale wanatoka Nairobi na gari limejaa hema, magodoro na mitungi ya maji, Lukenya siku moja, Naivasha siku mbili, wengine wanamalizia Mlima Kenya. Ni safari nzuri sana na nafurahi nikiwaona. Lakini hiyo imani itakuja kuua mtu, kwa hivyo leo naisema yote.

Dhana: sisi ni mke na mume, hatuna haja ya kukaguana

Kukaguana na kuaminiana ni vitu viwili tofauti kabisa. Unamwamini kwamba hatakuacha makusudi, sawa, lakini mwambani watu hawaanguki kwa sababu mwenzao aliwachukia, wanaanguka kwa sababu fundo lilifungwa nusu, karabina (kile kipete cha chuma cha kuunganishia kamba) haikufungwa skrubu, kamba iliingizwa upande mbaya kwenye kifaa cha bilei, kile aliye chini anashikilia nacho kamba ya anayepanda, na hayo yote mtu anayekupenda anaweza kuyafanya na wewe mwenyewe unaweza kuyafanya. Lynn Hill wa Marekani alikuwa kati ya wapandaji bora duniani. Mwaka 1989 alifika juu ya njia moja pale Buoux, Ufaransa, akaegemea nyuma ashushwe, kumbe hakuwa amemaliza kufunga fundo lake. Alianguka karibu mita 22 na matawi ya mti ndo yalimpunguzia kishindo. Huyo ndiye mwaka 1993 alikuwa mtu wa kwanza kupanda njia ya Nose kule El Capitan, ukuta mkubwa wa mwamba huko Marekani, bila kujivuta kwa vifaa. Sasa kama yeye alisahau, wewe mwenye hanesi (ile mikanda ya kiuno na mapaja) ya kukodi na siku yako ya tatu mwambani utaniambia nini?

Kuna dada nilikuwa naye pale pale kwenye mnara, siwezi kumsahau. Alikuwa anafunga fundo la nane, lile la umbo la 8 linalomshikiza mtu kwenye kamba, ameshafanya lile la kwanza, amepitisha kamba kwenye hanesi, amebaki tu kulirudia kwa mkia wa kamba, na hapo bwanake akamwambia "hebu angalia huku nikupige picha." Akageuka, akacheka, picha ikapigwa, akashika mwamba. Nikamwambia ngoja. Nilivuta kamba kidogo tu na vidole viwili ikatoka yote kwenye hanesi kama uzi unavyotoka kwenye tundu la sindano, na bwanake amesimama hapo mkono umeshika kamba upande wa breki, bilei yake safi kabisa, tayari kumshikilia mke ambaye hajafungwa kwenye kamba. Yule kaka alikaa chini kwenye mchanga hakuongea kama dakika tano.

Na nitasema ukweli, wanandoa nawaona wako hatarini kuliko marafiki wa kawaida. Marafiki wanakosoana bila shida. Mume hataki kuambiwa na mkewe mbele ya watu kwamba mkanda wake umelegea, mke anaogopa kuuliza asije akaonekana hamwamini, na wakiwa wamekosana njiani kwenye gari basi hapo ndo hakuna anayemwangalia mwingine kabisa. Sheria yangu ni moja, ukija kwangu hupandi mpaka mwenzako akushike. Namaanisha kwa mkono, si kwa macho. Avute mkanda wa kiuno, avute ya mapaja, afuate fundo la nane kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho aone kamba mbili mbili zimelala pamoja, na mkia wa kutosha umebaki. Halafu wewe uminye karabina yake uone haifunguki, uvute kamba uone kifaa kinabana. Hata nusu dakika haiishi. Simu ziko kwenye begi mpaka hapo.

Ingine ya hapo hapo, mwisho wa kamba. Fischer's Tower ni kama mita 25, na kamba inaenda mpaka juu halafu inarudi chini, kwa hivyo ni 50 kabla hata hujahesabu mafundo. Watu wananiletea kamba ya mita 40 waliyouziwa na rafiki, "imepunguzwa kidogo tu." Unamshusha mke wako, kamba inapita kwenye kifaa, inapita, mkia unachomoka mkononi mwako na yeye bado yuko juu. Ajali ya namna hii inatokea dunia nzima na inazuilika kwa fundo moja mwishoni mwa kamba. Fundo moja! Lifungeni kabla hamjafunga kitu kingine chochote.

Na mkubaliane chini, kwa maneno, huyo anayepanda atarudi vipi. Atashushwa au atajishusha mwenyewe kwa kamba? Kwa sababu akifika juu upepo wa Hell's Gate unameza sauti, yeye anadhani umemshika, wewe umeskia "sawa" ukatoa kamba kwenye kifaa ukidhani atajishusha, na yeye anaegemea nyuma. Kujuana miaka mitano hakutakusaidia kuskia neno ambalo upepo umelichukua.

Dhana: mke mwembamba hawezi kumshikilia mume mkubwa

Anaweza. Kinachoshikilia ni msuguano wa kamba kwenye kifaa na kule juu kwenye anka, pale kamba imeshikizwa kwenye mwamba, si misuli. Ila kama tofauti ni kubwa, labda kilo 90 kwa 55, mume akianguka mke atanyanyuliwa, kwa hivyo asimame karibu na ukuta na tumfunge kwenye anka ya chini. Na avae helmeti, manake mawe yanamwangukia aliye chini kuliko aliye juu. Kaka zangu, acheni kukataa kushikiliwa na wake zenu halafu mnampa kamba kijana mmemkuta getini.

Dhana: kupanda ni nguvu za mikono

Ni miguu. Wale wa jimu wananichokea dakika ya kumi, vidole haviwezi hata kufungua chupa. Angalia miguu yako, panda nayo kama ngazi, nyoosha mikono.

Dhana: kamba ni kamba

Kamba ya kuvuta gari haivutiki. Ya kupandia imetengenezwa inyooke ikule ule mshtuko wa kuanguka, la sivyo mshtuko unaishia mgongoni mwako na kwenye anka. Na ikikaa kwenye buti ya gari miaka kumi imezeeka hata kama haijawahi kutumika. Itupe.

Dhana: hapa hakuna mvua, korongo liko salama

Mvua haihitaji kunyesha ulipo. Inanyesha huko juu, maji yanashuka kwa korongo la Ol Njorowa, hilo la ndani ya Hell's Gate, na kuta ziko wima, hakuna pa kukimbilia. Watu wamekufa humo 2012 na tena 2019. Mawingu yakiwa mazito upande wowote msiingie, na ranja akisema tokeni, tokeni.

Dhana: sisi ni vijana, mlima hautatusumbua

Mwinuko hauulizi umri wala mazoezi. Mnataka kumaliza safari Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya cha mita 4,985, siku mbili kutoka kwenye gari? Mkivuka mita 3,000 msipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kichwa kikiuma na kutapika kukianza mnashuka, hata kama ni usiku.

Dhana: jiko la makaa likishawaka vizuri halina moshi, tunaweza kuliingiza hemani

Naivasha usiku ni baridi na hapa ndo naogopa zaidi baada ya ile ya fundo. Moshi unaouona si ndo unaoua. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inashika damu na kuifukuza oksijeni, na nyinyi mnaskia tu usingizi mtamu. Kufungua zipu kidogo hakusaidii. Jiko linabaki nje, la gesi pia. Chemsheni maji, jazeni chupa ya chuma, ifungeni kwa soksi muiweke miguuni. Na kama mmepiga hema karibu na ziwa, mkitaka kwenda haja usiku muamshane, mmoja ashike tochi amulike nyasi kwanza, manake kiboko anatoka majini kula saa hizo na hapendi kukuta mtu amesimama kati yake na maji.