Msimamizi wa mirathi si mwenye mali

Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria maswali ya mirathi hayaishi, na mengi yanakuja kwa sura moja: "Wakili, baba mdogo ndiye aliyepewa mirathi. Sasa sisi watoto tuna chetu pale?" Anayeuliza kwa kawaida ameshakaa miaka nje ya nyumba aliyozaliwa, na kodi ya wapangaji anaisikia tu kwa majirani. Huwa namjibu kwamba baba mdogo hakupewa mirathi, alipewa kazi.

Kazi hiyo imeandikwa kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Tanzania, Sura ya 11. Msimamizi anakusanya mali ya marehemu na madeni aliyokuwa akiwadai watu, analipa aliyokuwa akidaiwa pamoja na gharama, kisha anagawa kinachobaki kwa wanaostahili. Akimaliza anaieleza mahakama alichofanya, na faili linafungwa. Hakuna kifungu kinachomruhusu kukaa na hati ya nyumba kabatini "mpaka watoto wakue". Kauli hiyo nimeisikia ikitolewa kwa watoto wenye mvi.

Mambo huanza kuharibika mapema, msiba ukiwa bado mbichi. Ukoo unakaa, unaandika muhtasari, watu wanatia saini au dole gumba, na jina linapitishwa. Mara nyingi ni la mwanaume mwenye sauti kubwa, wala si la mtu anayejua mali ziko wapi. Kikao chenyewe si kibaya, na mahakama hupenda kuuona muhtasari wake kwa sababu unapunguza ugomvi wa baadaye. Ila ukoo unapendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Mjane anaweza kuomba, na binti pia. Asiyekubaliana na kikao naye ana nafasi yake: maombi yakishafunguliwa kwa Fomu Na. 1, mahakama hutoa tangazo, na mwenye pingamizi analipeleka kabla ya uteuzi. Shida ni kwamba tangazo hubandikwa ubaoni, na sisi tukipita mbele ya mahakama hatusomi ubao.

Halafu kuna suala la mahakama ipi. Mahakama ya Mwanzo inapokea mirathi ambayo sheria yake ni ya mila au ya Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Mtu ameishi Temeke maisha yake yote, ndugu wanakwenda kufungua mirathi Kilosa kwa kuwa ndiko alikozikwa. Kaburi haliipi mahakama mamlaka, na kazi ya miaka miwili inaweza kufutwa kwa hoja hiyo moja.

Siku ya kusikilizwa, karani anaita majina mlangoni na mwombaji anasimama mbele akiwa na bahasha yake ya kaki. Hakimu anauliza marehemu ameacha watoto wangapi. "Wanne, mheshimiwa." Hao wanne ni wa mama mmoja? "Wa mama mmoja, mheshimiwa." Na wa mama wengine? Hapo mwombaji anageuka kuwatazama ndugu zake kwenye benchi, na benchi lote linatazama sakafu. "Yupo mmoja, yuko Morogoro." Maswali matatu tu, na orodha ya watoto imebadilika. Ndiyo maana nawasihi warithi wahudhurie siku hiyo, hata kama hawana pingamizi lolote.

Mwombaji akiteuliwa anakabidhiwa Fomu Na. 4 ya uteuzi, na hapa ndipo familia nyingi huona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Ndani ya miezi minne tangu uteuzi, au muda zaidi ambao mahakama itamruhusu, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Na. 5 yenye orodha kamili ya mali na madeni. Baada ya hapo anapeleka hesabu kwa Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Asipofanya hivyo na warithi wakanyamaza, faili linalala masijala. Nimeona watu wakihangaika polisi, kwa diwani, hadi kwa mkuu wa wilaya, wakati dawa ni barua ya ukurasa mmoja kwa mahakama iliyomteua, yenye namba ya shauri, wakiomba aitwe aje kueleza hesabu. Ikionekana kuna sababu ya kutosha, mahakama hiyohiyo ina uwezo wa kumwondoa na kuteua mwingine.

Jambo linalowashtua wengi ni hili: Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba sheria haimlazimishi msimamizi kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya marehemu. Kwa hiyo kinga ya mrithi ni ile orodha na zile hesabu. Mali ambayo haikuandikwa popote ni rahisi sana kuyeyuka. Mnunuzi mwenye akili, hata hivyo, ataomba ridhaa za maandishi na kupita masijala kuhakikisha faili bado liko wazi. Faili likishafungwa, msimamizi hana tena mamlaka ya kuuza.

Mjane nimemwacha kwa makusudi, kwa sababu habari yake ni nzito. Kabla ya kugawa chochote, kwanza ijulikane kipi hasa kilikuwa cha marehemu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lilikuwa shauri la talaka, lakini hoja yake tunaibeba hata mjane anapoambiwa afungashe. Kwa Waislamu fungu la mjane ni moja ya nane marehemu akiacha watoto, na robo asipoacha. Sehemu yake katika walichochuma pamoja ni dai jingine, lisimezwe humo. Kwa upande wa mila, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, linamnyima mjane urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kumwachia kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili waliokumbwa na kanuni hiyo. Mimi naona muda wake ulishapita zamani.

Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Usikae ukisubiri nakala ya hukumu, kwani kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo si lazima uiambatishe, na siku zinakwenda.

Ukija kwetu, njoo na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, na namba ya shauri la mirathi. Bila namba, karani atalitafuta faili kwa jina la marehemu, na marehemu wengi wana majina matatu tofauti kwenye karatasi tatu: moja la ubatizo kazini, jingine la ukoo kwenye hati ya kiwanja, na lile la mtaani ambalo ndugu waliliandika kwenye muhtasari.